Hesabu Iliyo Nyuma ya Bastola za Mashindano

Kila anayehudhuria shindano la ulengaji wa vitendo kwa mara ya kwanza huishia kutazama viuno vya washindani. Huyu amebeba bastola nyeusi ya kawaida, ya aina wanayobeba polisi wa nchi nyingi. Aliye pembeni yake ana chombo kingine kabisa: mbele ya mtutu kuna kipande cha chuma chenye matundu upande wa juu, mgongoni kuna kioo kidogo chenye kidoa chekundu, magazini imechomoza chini ya mpini, na ala yake haifuniki bastola hata kidogo, imeidaka tu pale kwenye kifyatulio, mwili wote wa bastola uko wazi.

Swali linalofuata nimelisikia mara nyingi, na siku yangu ya kwanza nililiuliza mwenyewe: hawa wanacheza mchezo mmoja kweli? Nyuma yake huja la pili, ambalo ni la mfukoni: mimi ninunue ipi?

Maswali haya mawili yamewagombanisha walengaji kwa zaidi ya miaka 40. Wapo wanaosema vifaa vimeuharibu mchezo, na wapo wanaosema wanaolalamika ni watu waliochoka kushindwa. Nimesikiliza pande zote, na ninaona wengi wanaangalia chuma kabla ya kuangalia hesabu. Tuanze na hesabu.

Alama kwa sekunde

Katika mashindano ya IPSC, shirikisho la kimataifa la ulengaji wa vitendo, mlengaji anapewa kituo. Kituo ni sehemu ya uwanja iliyopangwa kuta za kuzuia macho, shabaha za kadibodi na vibamba vya chuma vinavyoanguka vikipigwa. Anaambiwa aanzie wapi na mipaka iko wapi. Apite njia gani, apige ipi kwanza, abadilishe magazini akiwa wapi, hayo ni ya kichwa chake. Kituo kifupi hakizidi risasi 12, cha kati 24, kirefu 32. Taima mkononi mwa ofisa wa renji, yaani msimamizi wa uwanja, ikilia, mtu anaanza, na taima hiyohiyo inanasa mlio wa kila risasi mpaka ule wa mwisho.

Shabaha ya kadibodi ina kanda tatu: A, C na D. Risasi ikiingia A ni alama 5. Ukikosa kabisa, unakatwa 10. Alama zako zote zinajumlishwa, kisha zinagawanywa kwa sekunde ulizotumia. Hapo ndipo moyo wa mchezo ulipo, na asiyeuelewa mgawanyo huo hawezi kuelewa chochote kuhusu vifaa.

Chukua kituo chenye shabaha 6, kila moja risasi mbili. Alama za juu kabisa ni 60. Mlengaji wa kwanza ni mtulivu: risasi zote 12 ziko A, kwa sekunde 8. Anapata 7.5. Wa pili anakwenda mbio: 8 ziko A, 4 zimetoka hadi C, kwa sekunde 6.5. Tuseme anatumia risasi za nguvu ndogo, ambazo C yake ni alama 3. Ana alama 52. Gawanya kwa 6.5 upate 8. Amemshinda yule ambaye hakutoka nje ya A hata mara moja. Wa tatu ana haraka zaidi: 11 ziko A na moja imepotea, kwa sekunde 6. Alama 55, toa 10, zinabaki 45. Gawanya kwa 6 upate 7.5. Kukimbia kote kule kumemweka sawasawa na yule mtulivu.

Sasa mrudie wa pili, umpe risasi za nguvu kubwa. Kwa risasi hizo C inahesabiwa 4. Alama zake zinapanda hadi 56, na kwa muda uleule wa sekunde 6.5 anapata 8.6. Mikono ni ileile na kadibodi imetobolewa palepale. Kilichobadilika ni baruti.

Nguvu hiyo hupimwa kwa kanuni rahisi: uzito wa kichwa cha risasi kwa greni, ambayo ni kipimo kidogo cha uzito, mara mwendo wake kwa futi kwa sekunde, gawanya kwa 1,000. Risasi ya 9 mm yenye kichwa cha greni 124 inayokwenda futi 1,050 kwa sekunde inatoa 130, nayo inavuka kiwango cha chini cha 125. Washindani hugawanywa kwa divisheni kulingana na vifaa vyao. Ili kuhesabiwa nguvu kubwa katika divisheni ya Standard ya IPSC inabidi ufikie 170, na ndiyo maana wengi huko hutumia kaliba .40: kichwa cha greni 180 kwa futi 950 kinatoa 171. Katika divisheni ya Open, ile ya bastola ya ajabu tuliyoiona mwanzoni, kiwango ni 160. Kwenye mashindano makubwa maofisa huchukua risasi kutoka kwa mshindani, wakapima uzito wa kichwa na kuzipiga mbele ya kifaa cha kupimia mwendo. Ukidai nguvu kubwa na risasi zako zisifike, alama zako zinahesabiwa kama za nguvu ndogo. Ukishuka chini ya 125, unaruhusiwa kuendelea kupiga, lakini huhesabiwi alama. Kwa wanaojaza risasi wenyewe, meza ile ya kupimia inatisha kuliko kituo chochote.

Jinsi hesabu ilivyozaa chuma

Ukishakubali mgawanyo wa alama kwa sekunde, kila kitu kwenye bastola ile ya ajabu kinajieleza. Risasi yenye nguvu inalipa zaidi, lakini ina teke. Mtutu unaruka juu, na kuushusha kunakula muda. Dawa yake ni kompenseta, kile kipande chenye matundu. Gesi ya baruti ikifika pale inatokea juu kwa kasi na kuusukuma mtutu chini. Kadiri baruti inavyokuwa nyingi ndivyo gesi inavyokuwa nyingi, na ndivyo kompenseta inavyofanya kazi vizuri. Kwa hiyo mtu wa Open anajaza 9 mm yake kuliko kawaida, greni 124 kwa futi 1,300, na bado kidoa chake hakirukiruki.

Kidoa chekundu nacho kina sababu yake. Kwa vilengeo vya chuma jicho linalazimika kupanga vitu vitatu, yaani cha nyuma, cha mbele na shabaha, na haliwezi kuviona vyote kwa uwazi mmoja. Kwa kidoa unatazama shabaha tu, na kidoa kinakuja chenyewe. Magazini ndefu inakupunguzia ubadilishaji, na kubadilisha ukiwa umesimama kunaweza kukugharimu zaidi ya sekunde nzima. Ala iliyo wazi inafupisha safari ya bastola kutoka kiunoni hadi machoni. Kila mahali kuna mtu aliyekuwa anatafuta sehemu ya kumi ya sekunde.

Mambo hayakuanza hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1950, huko Big Bear kwenye milima ya California, Jeff Cooper, aliyekuwa ofisa wa kikosi cha Marines cha Marekani, aliwakusanya watu washindane kuchomoa na kupiga kwa mtindo wowote. Wengi walipigia kiunoni, kwa mkono mmoja, kama walivyoona kwenye sinema za kauboi. Naibu sherifu mmoja aitwaye Jack Weaver akaanza kushika bastola kwa mikono miwili na kuinyanyua hadi machoni, akawa anawashinda. Cooper hakubishana na matokeo. Aliyachukua na kuyafundisha. Mwezi Mei 1976 wawakilishi kutoka nchi mbalimbali walikutana Columbia, Missouri, wakaanzisha IPSC, Cooper akawa rais wa kwanza. Kaulimbiu ikawa maneno matatu ya Kilatini, Diligentia, Vis, Celeritas: usahihi, nguvu, kasi. Mwaka uliofuata mashindano ya dunia yalifanyika Salisbury, jiji tunaloliita Harare leo. Kwa hiyo bara letu lilikuwamo tangu mwanzo.

Maneno yale matatu ndiyo yale niliyoyageuza kuwa hesabu hapo juu. Alama ni usahihi, kipimo cha baruti ni nguvu, na kasi iko chini ya mstari wa mgawanyo. Cooper alitaka vitatu hivyo vikae kwenye mizani, na kanuni ikafanya hivyo. Ila ukiweka mizani mbele ya watu wenye akili na karakana, watatafuta kila gramu. Miaka ya 1980 walengaji wawili wa Kimarekani, Rob Leatham na Brian Enos, walikuja na kaliba ya .38 Super na kompenseta, wakasimama wakiikabili shabaha kifua wazi huku mikono yote miwili imenyooka, tofauti na mkao wa Weaver. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 kidoa chekundu kilikuwa kimeingia, kikubwa kama kopo, na mtu mwenye bastola ya kawaida hakuwa tena na sababu ya kujisumbua kulipa ada ya kiingilio. Cooper mwenyewe aliukosoa mchezo hadharani, akisema umeacha kuwa wa vitendo.

Wa mchezo na wa kujilinda

Dawa zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kugawa divisheni: wenye kompenseta na vidoa wakabaki Open, wengine wakapata uwanja wao, na baadaye ikaja Production kwa bastola za kiwandani zisizofanyiwa marekebisho makubwa, zote zikihesabiwa nguvu ndogo. Kwa hiyo wale wawili tuliowaona mwanzoni wanapita vituo vilevile siku ileile, lakini matokeo yao hayagusani.

Dawa ya pili ilikuwa kuondoka. Mwaka 1996 kikundi kidogo cha Wamarekani, Bill Wilson, Ken Hackathorn na Larry Vickers wakiwa miongoni mwao, kilianzisha IDPA, chama cha ulengaji wa bastola wa kujilinda. Huko bastola hukaa chini ya koti au fulana, mlengaji anatakiwa kupiga akiwa nyuma ya kinga pale ilipo, na kituo hakizidi risasi 18. Hesabu yenyewe ilipinduliwa: hakuna kugawanya. Unachukua sekunde zako, na kila alama uliyopoteza inaongeza sekunde moja. Ipo hata adhabu ya sekunde 20 kwa atakayeonekana amevunja kanuni makusudi ili ajipatie faida. Tafakari kidogo hapo: ni adhabu inayopima nia ya mtu, kitu ambacho mtu wa IPSC atakwambia hakiwezi kupimwa kwa taima.

Tangu hapo kuna majina mawili yanayorushwa huku na kule. Wa kujilinda wanawaita wenzao watu wa mchezo tu. Watu wa mchezo wanajibu kwamba nyinyi mnajificha nyuma ya neno "uhalisia" ili msipimwe. Nami nilikuwa upande wa kujilinda kwa miaka kadhaa kabla ya kubadili mawazo, na kilichonibadilisha ni kuangalia bastola za polisi. Kile kidoa kilichochekwa mwaka 1990 kuwa ni kidude cha kuchezea, leo kimepunguzwa hadi kutosha juu ya bastola ya kiunoni, na idara nyingi za polisi zinakifunga kwenye bastola za kazi. Mkao ule wa Leatham na Enos ndio unaofundishwa karibu kila mahali. Mchezo ulijaribu vitu hivi mbele ya taima, mwaka baada ya mwaka, ukatupa visivyofaa. Na risasi zote hizo zililipiwa na watu binafsi.

Hata hivyo wa kujilinda wana jambo moja ambalo sitawanyang'anya. Katika IPSC unaruhusiwa kukagua kituo kabla ya zamu yako. Unatembea, unahesabu hatua, unafunga macho na kurudia mpango wako. Hilo linakujengea mikono mizuri sana. Halikujengei uamuzi wa lini usipige, na anayetoka na medali akadhani sasa yuko tayari kwa lolote amejidanganya vibaya.

Na zile divisheni, je, zilimaliza mbio za vifaa? Hapana. Tazama Production. Ilikusudiwa kuwa kimbilio la mwenye bastola ya kawaida, mathalani Glock 17 ambayo bila risasi haifiki kilo 0.8. Viwanda vikasoma kanuni vizuri kuliko walioiandika. Ikatoka CZ Shadow 2, ya chuma kitupu, kilo 1.33, ambayo hakuna polisi atakayeipenda kiunoni siku nzima lakini mkononi inatulia kama pasi. Ni ya kiwandani, iko ndani ya kanuni, na ndiyo utakayoiona kwenye mistari ya washindani dunia nzima. Sioni aibu yoyote hapo. Kanuni haiwezi kuzuia watu kutafuta faida. Inachoweza ni kupanga faida hiyo itauzwa bei gani, na bei ya Shadow 2 ni ndogo sana ukiilinganisha na ya bastola ya Open iliyotengenezwa kwa mkono.

Mahali ambapo kifaa hakisaidii

Kuna eneo moja ambalo pande zote zinakubaliana bila kubishana, nalo ni usalama. Bastola zote uwanjani, isipokuwa ya aliye kwenye zamu, huwa hazina risasi. Huruhusiwi kuitoa kwenye ala ila mbele ya ofisa wa renji, au kwenye meza maalumu ya usalama ambako hata kushika risasi ni marufuku. Mtutu ukivuka nyuzi 90 kutoka upande wa shabaha kurudi nyuma, umetoka mashindanoni. Ukiangusha bastola ukiwa kituoni, umetoka. Risasi ikilia usipokusudia, umetoka. Kidole kikiwa ndani ya kingo ya kifyatulio wakati unabadilisha magazini au unahama bila kulenga, unaonywa au unatoka. Mtu aliyeendesha gari kwa muda wa saa nane na kulipia hoteli anatolewa sawasawa na wa jirani.

Mimi nilitolewa kwenye kituo cha tatu. Natumia mkono wa kulia, na nilikuwa nakimbia kuelekea kushoto huku nabadilisha magazini. Mtu wa mkono wa kulia akibadilisha magazini, mtutu huelekea kushoto kwa kifua chake. Na kifua nacho kikiwa kimegeukia kushoto, mtutu unaanza kutazama waliosimama nyuma. Sikuhisi chochote. Nilisikia "simama", kwa Kiingereza, kwa sauti tulivu. Nilitoa magazini, nikaonyesha chemba tupu, nikarudisha bastola kwenye ala. Ofisa alinionyesha kwa kiganja pale mtutu ulipofikia, nikaona ana haki, tukapeana mkono. Saa zilizobaki nilizunguka na kikundi changu nikibandika viraka kwenye matundu ya kadibodi za wenzangu. Desturi ndiyo hiyo: ukitolewa hubishani wala hukimbilii garini, unabaki kufanya kazi. Mpaka leo nikitaka kujua mlengaji ni mtu wa namna gani, siangalii bastola yake. Naangalia kama anabandika viraka baada ya zamu yake kwenda vibaya.

Ipi, basi?

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki swali hili ni zito kuliko kwa Mmarekani. Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Kwa pande zote mbili leseni inaihusu silaha yenyewe, na huwezi kubadilisha bastola kama unavyobadilisha simu kwa sababu umeona mpya kwenye video. Kenya mchezo huu una wenyewe, na uwanja wa ulengaji wa Kirigiti, Kiambu, ni jina ambalo walengaji wa huko hawahitaji kuelezwa. Waliodumu hapo wengi walianza na 9 mm ya kawaida waliyokuwa nayo tayari, ala ngumu ya plastiki inayofunika kifyatulio, mkanda usiolegea, vikoba vya magazini tatu au nne, miwani na vifaa vya masikio. Kwa Production hakuna kingine kinachohitajika mwaka wa kwanza.

Fedha iliyobaki iende kwenye risasi, ambazo kwetu ni ghali, na muda uende kwenye mazoezi makavu, yaani ya bila risasi, ambayo ni bure. Magazini na risasi zote zinawekwa chumba kingine na mlango unafungwa. Chemba inakaguliwa kwa macho, kisha kwa kidole. Unasimama mbele ya ukuta mgumu usio na mtu nyuma yake, umebandika karatasi ya ukubwa wa kiganja. Unaweka sarafu ya shilingi kumi juu ya sehemu ya mbele ya bastola, nyuma kidogo ya kilengeo, na unabana kifyatulio polepole mpaka kilie. Sarafu ikidondoka, umevuta mkono mzima badala ya kidole. Mara ya kwanza yangu ilidondoka mara 19 kati ya 20, na bastola niliyoishika ilikuwa ya bei mbaya, ya kuazima, yenye kidoa chekundu kilichokuwa kinanionyesha kila mtikisiko.